Rabbi Aliyekataa Sambusa

Enzi zetu kule Handsworth, Uingereza, mlango ukigongwa nyumba nzima ilinyamaza. Mama alizima redio, akachungulia penye pazia, kisha akatutazama mmoja mmoja kama aliyetaka kujua nani kamleta mtu. Wenzangu mliokulia huko mnakumbuka: jiko la mafuta ya taa likinuka ukumbini, makoti mabichi nyuma ya mlango, na wazazi waliotoka Unguja na masanduku mawili, wasiomwamini hata mleta maziwa.

Nilikuwa na miaka kumi mwenye nyumba alipotuandikia tuhame mwisho wa mwezi, eti anataka kukarabati. Hatukuwa na pa kwenda. Jioni moja Baba akarudi kutoka kiwandani akasema, "Jumanne Rabbi atakuja kutusaidia."

Mama aliangusha mwiko. "Astaghfirullah! Nani huyo anayejiita Mola?"

Nilicheka mpaka nikala kofi. Baba akaeleza kwamba ndivyo Wayahudi wanavyomwita shehe wao. Huyu ni Mmarekani, na kwao aliwahi kufungwa kwa kuandamana na watu weusi waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura.

"Na jela juu!" Mama akasema. "Mzungu afungwe kwa ajili ya mtu mweusi? Baba Salma, huyo ana lake jambo."

Nami niliamini. Alipokuja, mrefu, ndevu zimelowa mvua, nilimkagua mikono nikitafuta alama za pingu. Alisema amempigia simu mwenye nyumba kuiulizia nyumba yetu, kama mtu anayetafuta pa kupanga, akajibiwa kuwa mwezi ujao itakuwa wazi na haina kasoro yoyote. Ukarabati ulikuwa uongo mtupu. Alikuwa tayari kuyasema hayo mahakamani, mradi Baba atie saini karatasi ya malalamiko.

Mama akaleta sambusa za nyama, za moto, zile tulizokuwa tukizipigania. Mgeni akashukuru, asiguse hata moja. Mama akaivuta karatasi upande wake.

"Usitie saini, Baba Salma. Mtu hataki hata chakula chetu, atatutakia heri gani?"

Mgeni akauliza kasema nini. Mkalimani wa nyumba nilikuwa mimi, nikatafsiri yote bila kupunguza. Akaona haya, akasema hali nyama isiyochinjwa kwa sheria ya dini yake, wala chakula cha sufuria iliyopikiwa nyama hiyo.

Mama akaisogeza kando sahani ya sambusa. Sisi wenyewe hatukugusa nyama ya shuleni, na jirani Mwingereza alikuwa bado amenuna tangu tulipoikataa pai yake.

"Muulize, chungwa anakula?"

Alikula mawili, akanywa chai ya rangi kwenye glasi. Baba akatia saini, mwenye nyumba akaifuta barua yake kabla hata ya mahakama, nasi tukakaa pale miaka minane zaidi. Mama hakuwahi kumwita Rabbi. Alimwita Bwana Machungwa, na mpaka anakufa alisema, "Yule mtu, sijajua bado alitaka nini kwetu."

Leo nakaa Great Barr na mjukuu wangu, na kengele yetu ina kamera. Juzi ililia mchana, mvua ikinyesha. Mtoto akatazama simu yake, hakuinuka kwenye kochi. "It's nobody, Bibi." Eti si mtu wa maana.

Mama yangu alimshuku kila mtu, lakini alifungua mlango. Nikajikongoja na magoti yangu haya mpaka mlangoni. Nilipofungua, aliyebonyeza kengele alikuwa ameshakwenda.