Guk Myeong-sun na Wimbo wa Kukariri

Guk Myeong-sun hakujua kutulia. Nilimpigia ngoma miaka sita katika vilabu vya askari wa Kimarekani, toka Seoul hadi Munsan karibu na mpaka, na sikumbuki kumwona akimaliza chakula ameketi.

Siku ya usaili, mwaka 1962, alikuwa akizunguka ukumbini na kiazi kitamu mkononi. Kiongozi wa bendi, Pyo Gil-su, akafoka, "We Myeong-sun, hebu keti! Unanitia kizunguzungu."

"Kiti kina moto, kaka."

"Moto uko miguuni mwako."

Kila baada ya miezi sita Wamarekani walitupima upya. Bendi iliyoshuka daraja ilipelekwa kambi za matopeni. Myeong-sun hakujua Kiingereza. Nyimbo alizikariri kutoka kwenye santuri, akiandika milio yake kwa herufi zetu. Siku hiyo aliimba wimbo mpya, tabasamu usoni mwanzo hadi mwisho. Waamuzi wakatazamana. Mmoja akamuuliza kupitia mkalimani, "Binti, msiba huu unakuchekesha nini?"

Kumbe ulikuwa wimbo wa mtu anayemzika mama yake.

Tukashushwa daraja. Myeong-sun akamng'ang'ania mkalimani mlangoni hadi akamfafanulia kila mstari. Mama yake Myeong-sun mwenyewe alifia njiani walipokimbia vita. Walimfunika kwa theluji, wakaendelea kutembea.

Jumamosi iliyofuata, alasiri, Munsan, aliuimba tena bila kutabasamu. Askari waliokuwa wakigonganisha chupa wakanyamaza. Mmoja akalaza kichwa mezani. Hakuna aliyeagiza bia.

Meneja wa klabu akatufuata nyuma ya jukwaa. "Watu huja hapa kusahau! Wimbo huo sitaki kuusikia tena."

"Ndiyo, bwana," akaitikia Pyo.

"Mimi nitauimba," akasema Myeong-sun.

"Uimbe, halafu sisi tule nini? Kokoto?" akauliza Pyo.

Myeong-sun alirudi jukwaani akaimba za kuchezeka, na aliendelea kuziimba kwa miaka. Ule mwingine aliuimba kwenye lori tu, tukihama kambi, huku Pyo akijifanya amelala.

Siku moja Pyo akafumbua macho.

"Ubeti wa pili unauharakisha, mdogo wangu. Nani anakufukuza? Hebu rudia."