Beta yangu ya gemu la magari niliikuta ikifukuza ndege Ubaruku

Wakuu, habari za mchana. Hili limenikuta mimi, sikusimuliwa.

Kwa wasionijua: nina diploma ya electronics, nimepiga kazi Afrika Kusini miaka tisa, nimerudi na kufungua workshop yangu Iringa mjini. Sikubebwa na mjomba.

Kule Afrika Kusini nilipata disc adimu, beta, yaani toleo la majaribio, ya online ya gemu la magari la console ya zamani. Ina barabara ya milimani ambayo gemu la dukani halina.

Nikajigamba kwenye group la nje la wakusanyaji wa gemu za zamani. Jamaa mmoja, pekee aliyejulikana kuwa nayo, akanibishia. Server ya asili ilishazimwa, lakini mashabiki wamewasha yao, na mbio zinataka watu wawili.

"Kama unayo, ingia Jumamosi tushindane," akaandika.

Nikamjibu mimi natunza vitu kuliko yeye.

Kufungua kasha, tupu.

Nikakumbuka mizigo yangu ilipitia kwa mama, Ubaruku. Nikampigia.

"Zile CD? Nimezitundika shambani. Mpunga umetoa mashuke, ndege wananimaliza. Na hiyo yako ndiyo inang'aa kuliko zote, baba."

Wakuu, nilikimbilia stendi.

Ijumaa nikafika. Disc inazunguka kwenye kamba katikati ya jaruba, imejaa vumbi. Nikaingia hivyo hivyo.

"Mwenye diploma, vua viatu," mama akasema. "Na ukiitoa, ndege utafukuza wewe."

Nikamtundikia disc mbovu kumi nilizobeba kutoka workshop. Akaridhika.

Nikaiosha kwa maji ya sabuni, nikaifuta kwa pamba kutoka katikati kwenda nje. Msizungushe pamba, mtaua disc.

Jumamosi, Iringa. Jaribio la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu ikasoma.

Jamaa alikuwa ananisubiri. Aliandika kwamba miaka yote amekuwa akiendesha peke yake barabara ile. Hakunibishia tena. Tulikimbia mpaka vidole vikauma, na kila kona anaijua kama njia ya kwao.

Matokeo: nimeshika nafasi ya pili duniani.

Funzo: kitu cha thamani usikiache kwa mama msimu wa ndege bila kumwambia ni nini.

Nilimpigia kumpa habari. Akauliza, "Mlikuwa wangapi?"

Nikamwambia mtandao unasumbua.

Nanyi, wazazi wamewatundikia nini? Karibuni, wabishi pia.