Saba Iliyoishia Darajani

Ofisi ya Ramani ya Jiji iliutangazia umma, kwa heshima na taadhima, kwamba kuanzia siku hiyo kila barabara itaonekana kwenye simu ya mwananchi vilevile inavyoonekana barabarani, na kwamba hakuna mgeni wala mwenyeji atakayepotea tena.

Aliyeifanya kazi yenyewe alikuwa mtu mmoja mpole wa ghorofa ya tatu, ambaye wenzake walimwita Bwana Vibao. Ndiye aliyeweka kwenye ramani vile vibao vidogo vyenye namba za barabara. Mahali pekee palipomsumbua ni darajani, ambako barabara ya Mbili na ya Saba huvuka pamoja kabla ya kuachana ng'ambo.

"Vibao vikigusana vinachafua ramani," mkuu wa kitengo alisema. "Mbili ndiyo barabara kuu. Toa hiyo Saba."

"Lakini inaendelea ng'ambo, bosi."

"Si itaonekana hukohuko? Usitutie kiwingu, Bwana Vibao."

Akaitoa. Hata chai yake haikuwahi kupoa.

Mwezi huohuo mama yake alizidiwa. Aliishi ng'ambo ya daraja, mkabala na tangi la maji, na jina alilolitaja usiku na mchana lilikuwa la kitinda mimba wake, aliyeolewa mbali kabla barabara hazijapewa namba. Bwana Vibao akampigia.

"Mdogo wangu, njoo. Mama anakuulizia wewe tu. Sisi wengine tumekuwa fenicha."

"Nitafikaje, kaka? Nasikia mji umebadilika kabisa."

"Fungua ramani, shika Saba, usiiache mpaka kwenye tangi la maji." Akashindwa kujizuia: "Nimeichora mimi."

Dada akaishika Saba. Alipokaribia daraja mvua ilikuwa imeziba kioo cha gari, akatazama simu: Saba imekwisha. Hakubisha, kaka yake ndiye aliyeichora. Akakata kushoto kabla ya daraja, akalitafuta tangi. Akalipata, maana mji haukosi matangi, lakini halikuwa lenyewe. Akapiga simu tena na tena. Simu ya kaka ilikuwa imezimwa mlio, mgonjwa asishtuke.

"Hajafika?" mama aliuliza.

"Yuko njiani, mama."

"Mwambie asikimbize gari. Nitamsubiri."

Hakuweza. Dada alipofika alikuta viatu vya majirani vimejaa mlangoni, akaelewa kabla hajaambiwa.

"Kaka, Saba yako imeishia darajani," alisema. Hakuwa akimlaumu, alikuwa akieleza njia aliyopita.

"Ndiyo," alijibu. "Imeishia."

Aliporudi kazini aliomba Saba irudishwe. Mkuu wa kitengo alimpa pole, akamshika mkono kwa mikono yote miwili, akamkumbusha kwamba vibao vingegusana.

Siku hizi Bwana Vibao huvuka daraja kila jioni kwenda kufunga madirisha ya nyumba ya mama. Kwenye ukingo wa daraja pana nguzo ya chuma yenye vibao viwili, Mbili juu, Saba chini. Kati yake pana nafasi ya kupitisha mkono.