Pampu ya Nkowe imezima, na niliyeifunga ni mimi

Leo nimeulizwa swali moja tu, nikakosa pa kuuweka uso wangu.

Pampu ya sola niliyowafungia watu wa Nkowe imezima tangu Ijumaa. Nimefika na bodaboda, najiamini kabisa. Ndoo zimepangwa foleni, tupu.

Nikafungua kiboksi kinachoiendesha. Prosesa, ile chipu iliyo ubongo wake, imeungua.

"Jamani, nipeni saa moja."

Mdomo wangu huu!

Nikafunga prosesa mpya. Mfumo ukaikataa. Unaijua ile ya zamani tu, na ile siku hizi haitengenezwi.

Nikaipigia kampuni iliyotengeneza mfumo. Simu haipatikani. Nikampigia fundi mwenzangu wa Nachingwea.

"Kaka, wale walishafunga ofisi kitambo."

Bibi Somoe, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akaniambia taratibu: "Basi mjukuu wangu, turudishie ile pampu ya mkono uliyoing'oa. Umeiweka wapi?"

Jamani, ile pampu!

Niliiuza kama chuma chakavu, tukanunulia soda za sherehe ya uzinduzi. Bibi Somoe alikunywa yake, kisha akaniombea dua.