Mguu wa Mama Mdogo Skola

Nilikuwa sijaanza shule, miaka ya sabini, pale Kihesa, mama alipopata mimba na mama mdogo Skola akahamishiwa jikoni. Homa ya utotoni ilikuwa imemwachia Skola mguu mmoja mwembamba, akatembea kwa fimbo. Bibi, aliyewazaa wote wawili, alisema mjamzito akimtazama kilema, mtoto hufuata umbo lile. Basi wasionane mpaka mama ajifungue.

Jiko lilikuwa kibanda cha udongo kilichoegemea nyumba. Skola alipika na kulala humo, mimi nikapeleka chakula ndani. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Mama alikula ugali wa Skola, alijifunga kanga alizofua Skola, lakini Skola mwenyewe ndiye hatari.

"Bibi, huo mguu unapitia machoni?"

"Nyamaza. Unamtakia mama yako balaa?"

Bibi akienda shambani, ndugu hao walisalimiana kwa lugha ya nyumbani na kuzungumza kupitia ukuta.

"Kamwene, dada! Mguu wangu uko huku unaota moto. Haujafika huko?"

"Ufunge kamba, Skola, usinitoroke!" Mama alicheka mpaka akashika tumbo.

Siku moja Skola hakutania. "Akishazaliwa, dada, nitarudi ndani?"

Mama alishika tumbo lake. "Azaliwe kwanza salama."

Nikaanza kumwombea mtoto miguu mizuri. Niliamini ndiyo itakayomrudisha Skola.

Alizaliwa na miguu mizuri kabisa. Bibi aliinyoosha mbele ya majirani. "Mnaona? Je, tungezembea?" Wakaitikia kwamba wanaona. Skola alirudi ndani, akampakata mtoto, akamwimbia. Lakini mama alipopata mimba nyingine, fimbo ya Skola ilirudi kuegemea ukuta wa jikoni. Mama alizaa sana. Wala hakuna aliyebisha, maana ushahidi ulikuwa unakimbia uani. Sikuelewa jambo nililoliombea limegeukaje.

Nilisoma sekondari, nikajua ugonjwa ule hauambukizi kwa kutazamana. Nikaolewa Mbalizi. Mwaka mmoja nilikwenda Kihesa na binti yangu, mimba ya pili ikiwa imeshaonekana. Nilimkuta Skola sebuleni akichambua maharage. Aliponiona akashika fimbo, akainuka.

"Kaa, Mama mdogo. Mimi siamini mambo hayo."

"Najua huamini," alisema, akaenda jikoni, akafunga mlango.

Nilikaa upande wangu wa ukuta. Nilikuwa nimechoka na safari. "Kamwene," nikasema.

"Kamwene, mwanangu. Umekula?"

Mpaka leo sijui kama aliamini, au alichoka kusubiri kutolewa ndani akaamua kutoka mwenyewe. Nilidhani elimu yangu ingetosha kufungua mlango ule. Chakula kilikuja, kimebebwa na binti yangu.

"Mama," akauliza, "mbona bibi Skola haji kula na sisi?"

Nilimwambia aweke sahani chini, kisha nikatafuta pa kuanzia.