Wageni wa Nyota na Adabu ya Mkwe

Custodio alikuwa fundi baiskeli wa Mahurunga, Mmakonde aliyevushwa Ruvuma na wazazi wake waliowakimbia Wareno. Mwaka 1972 alitunga hadithi ya watu walioshuka kutoka nyotani wakatua katika shamba la mpunga. Siku hizi kila mtu anatunga upuuzi, lakini ule haukuwa upuuzi.

Watu wake wa nyota hawakumkabili mwenyeji wao, bibi kizee mmoja. Walisema na kinu kilichokuwa kando yake. Wanakijiji wakadhani ni wendawazimu, wakashika mapanga. Bibi huyo tu ndiye aliyetambua kwamba wageni wanatoa heshima ya mkwe. Maana kwetu, enzi watu walipokuwa watu, mwanamume hakumtazama mama mkwe wake usoni wala kumsemesha moja kwa moja; alisema na kitu kilicho kando, mama asikie. Usemi huo ndio uliozuia vita. Uondoe, hakuna hadithi.

Custodio alitaka itoke gazetini. Mashine ya taipu alikuwa nayo Mwalimu Andrea, mtu wa bara, akampa aichape. Siku ya kuchukua karatasi nilimsindikiza, nikasoma mwenyewe: "Shikamoo, bibi. Tumekuja kwa amani."

"Mwalimu, kinu kiko wapi?" Custodio aliuliza.

"Nimekitoa. Mtu anayeendesha chombo cha angani aongee na kinu, fundi? Watatucheka!"

"Sasa bibi atajuaje kuwa si maadui?"

"Si wamesema wamekuja kwa amani?"

"Hata Mreno alisema hivyo."

"Bwana we, ama iende hivi, ama ichukue ukawasomee wateja wako wa pancha."

Custodio, kwa tamaa ya kuona jina lake gazetini, akakubali. Nilikasirika hadi nikakataa kupanda baiskeli yake, nikarudi kwa miguu.

Nyumbani kwake, nilivyosimuliwa baadaye, mama mkwe wake, Felismina, alikuwa akiisubiri hadithi. Custodio akakaa nje ya mlango, mgongo ameuelekeza ndani, akamsomea mkewe Lucinda ili mama asikie. Alipofika kwenye salamu, akaikunja karatasi.

"Soma," Lucinda alisema. "Mama anauliza, wageni wamesemaje?"

"Mwambie mama siwezi kuyatamka haya mbele yake."

Felismina akamgeukia binti yake. "Kama kwangu hayatamkiki, mwambie mumeo asiwapelekee mama wa wenzake."

Asubuhi Custodio alimrudishia Mwalimu karatasi zake. Hadithi haikuchapishwa. Na leo namwona mtu na mama mkwe wake wakisukumana, wanagombea kiti kimoja cha basi.