Ukuta Nyuma ya Nyumba ya Mama Pindo

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa sababu hakuna aliyekunja pindo la suruali likanyooka kama yeye. Cherehani yake ilikaa sebuleni chini ya dirisha la nyuma, na nje ya dirisha hilo, hatua ishirini tu, palikuwa na kiwanda cha kusaga plastiki. Mashine zikiwashwa saa moja asubuhi, vikombe vilicheza kabatini mpaka saa kumi na moja jioni. Watu wa nyumba zile waliongea kwa kupaza sauti, kana kwamba kila mmoja yuko ng'ambo ya pili ya mto. Mgeni akija alidhani wanagombana.

Mama Pindo alikwisha zoea. Mumewe alikuwa fundi bomba mwenye sauti nene na utani usiokwisha, na kelele za kiwanda hazikumpunguzia kitu. Sauti yake ilizishinda tu. Miaka ishirini na sita ya ndoa, haikupita siku bila kumvunja mkewe mbavu.

Kisha kiharusi kikampiga. Alipotoka hospitali, mkono wa kulia ulikuwa umelala na sauti imebaki uzi. Akili ilikuwa timamu, ila maneno yalitoka kama pumzi. Mkewe aliinama, akatega sikio mpaka shavu likagusa midomo ya mzee, lakini kilichoingia ni mngurumo wa mashine.

"Unasemaje, baba? Maji? Mto?"

Mwisho mzee akageuzia uso ukutani, akaacha kusema. Msemaji kama yule, kimya kutwa! Hilo lilimuuma mkewe kuliko ule mkono uliolala.

Akapiga moyo konde, akavaa gauni lake la heshima, akaenda kiwandani. Siku ya kwanza mlinzi alimwambia meneja yuko kikaoni. Siku ya pili, yuko safarini. Siku ya tatu Mama Pindo alibeba kigoda na suruali nne za wateja, akaketi getini akishona kwa mkono. Saa nne meneja akatoka mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa unanisubiri."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kugombana. Nataka uje kwangu dakika tano tu, uzungumze na mume wangu. Basi."

Meneja akamfuata mpaka chumbani kwa mzee. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Mzee akamtazama, akasema kitu.

"Samahani, mzee?"

Mzee akarudia. Meneja akainama zaidi, akakunja uso, akatikisa kichwa. Mara ya tatu mzee akanyoosha kidole cha mkono mzima, akaonyesha kitandani. Meneja akaruka: alikuwa amekalia miwani ya mwenyeji wake, na mguu mmoja wa miwani ulikuwa umekatika.

Hakucheka. Alisimama dirishani akaziangalia feni kubwa za kiwanda chake kana kwamba ndiyo kwanza anaziona. "Nipe muda, mama," akasema.

Wiki iliyofuata mafundi wakasimamisha uzio wa mabati. Balaa! Mabati yenyewe yalitetemeka, kelele zikapata mwenzi. Mama Pindo akarudi na kigoda chake, lakini safari hii mlinzi alimfungulia geti hata kabla hajakaa.

Akaletwa mhandisi, binti mwembamba mwenye kifaa cha kupimia kelele. Alipima uani, akapima dirishani, akapima hadi juu ya mto wa mzee.

"Bati ni jepesi mno," akaeleza. "Tunataka ukuta mzito, usio na mwanya hata chini, na mrefu kiasi kwamba ukiwa hapa kitandani huzioni zile feni. Upande wa kiwanda tutaweka kitu laini cha kumeza kelele, zisiruke kwenda kwa majirani wengine. Kinachonisumbua ni mfereji wa maji ya mvua. Lazima upite chini ya ukuta, na tundu lolote linapitisha sauti."

Mzee akainua mkono wa kushoto, akaomba kalamu. Kwenye karatasi ya mkewe ya kukatia nguo akachora bomba lenye kona, ile iliyo chini ya sinki, inayobaki na maji ndani ili harufu isipande. Mistari ilikwenda upogo, lakini mhandisi aliielewa papo hapo.

"Mzee, umenizidi! Maji yataziba sauti pia," akasema, akaikunja karatasi na kuondoka nayo.

Ujenzi ulichukua wiki sita. Matofali ya saruji yakajazwa zege, upande wa kiwanda ukavishwa mablanketi ya nyuzi yaliyofunikwa kwa bati lenye vitundu vingi, na chini bomba likapinda kama lilivyochorwa. Mama Pindo aliwashonea wajenzi ovaroli zilizochanika, akakataa kusikia habari ya malipo.

Jumanne moja asubuhi kazi ilikuwa imekwisha. Mashine zikawashwa. Mngurumo ulikuwepo, lakini wa mbali, na vikombe vilitulia. Mama Pindo alisikia fagio la jirani. Akakaa kwenye cherehani, akakanyaga, na kutoka chumbani ikaja sauti nyembamba:

"Mama, na hiyo cherehani ijengewe ukuta."

Alicheka mpaka akashika meza, na machozi yakamtoka palepale.

Mchana alikwenda tena kiwandani, mikono mitupu. "Nimekuja kusema asante tu," alimwambia meneja. "Umenirudishia mtu wangu."

Meneja akatazama chini. "Ilinipasa kuja kukaa kwenu zamani, mama."

"Umekuja," akajibu. "Wengine hawaji kabisa."

Tangu hapo, kila alasiri Mama Pindo huacha kushona kwa saa nzima, akaketi kitandani na kikombe cha chai. Mzee ana habari za miezi minane za kumsimulia, na hana haraka.